Kaka yangu anataka kumtolea mwanangu cheti cha Chake

Mama, shikamoo.

Mimi ni mtu wa Pemba kwa asili, ila Pemba yenyewe nimekwenda mara tatu tu. Baba na mama ni wazaliwa wa Wete. Baba alipata kazi ya udereva Muscat, na mimi nikazaliwa huko huko Muscat mwaka 1993. Pasi yangu ni ya Tanzania, nimeipata kwa baba. Mume wangu kazaliwa Dubai. Babu yake aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, na tangu siku hiyo ukoo wao hauna karatasi ya nchi yoyote, wao ni bidun. Walipoambiwa kule wachukue pasi za Komoro, ndugu zake wawili wakachukua, yeye akakataa. Alisema Komoro haijui hata kwa picha, na aliogopa kwamba akishaitwa Mkomoro itakuwa rahisi kumfukuza.

Nilikuja Uingereza kwa viza ya masomo, ikaisha mwaka 2020. Mume wangu aliomba hifadhi hapa, akakataliwa 2021. Tuna watoto wawili, wote wamezaliwa Leicester. Mkubwa ametimiza miaka 5 mwezi wa tatu, mdogo ana mwaka na nusu. Huyu mkubwa hajawahi kutoka Uingereza hata siku moja.

Mama yangu alirudi Wete baada ya baba kufariki, na sasa anaumwa. Nikasema angalau nimwombee mwanangu pasi ya Tanzania, tukipata njia amwone bibi yake. Katika ofisi niliyokwenda, kijana wa dirishani akaniuliza nimezaliwa wapi. Muscat. Na mtoto? Leicester. Akafunga pasi yangu akanirudishia. "Basi huyu si wetu, dada." Hakunipa barua wala karatasi. Nilirudi na basi huku mtoto ananiuliza kwa nini nalia.

Hapa nako nilidhani mtoto aliyezaliwa Uingereza ni Mwingereza. Hata mwalimu wake skuli alidhani hivyo. Kumbe sivyo.

Sasa kaka yangu yuko Dar. Anasema nimtumie picha nne na pauni 300, ana mtu wake. Mtoto atatolewa cheti cha kuzaliwa cha Chake Chake, kana kwamba kazaliwa Pemba, halafu pasi. Mume wangu, ambaye maisha yake yote ameishi bila karatasi, anasema pasi yoyote ni bora kuliko kumlea mtoto awe kama yeye. Jirani wa msikitini anasema Uingereza kuna sheria ya watoto wasio na uraia, lakini ilikuwa ya Wahindi tu na imefungwa 2022. Nimfuate nani? Na nikipeleka jina la mtoto Home Office, wizara ya hapa inayosimamia uhamiaji, si ndiyo nimewapelekea na anuani yangu?

Mama Wawili, Leicester

---

Marahaba mwanangu. Picha hizo usizitume. Kama umeshazituma, mpigie kaka yako leo umwambie asimame hapo hapo, na pauni 300 zikishaliwa na ziliwe.

Najua kaka anakuonea huruma, na mumeo simlaumu hata kidogo. Lakini haki ya mwanao hapa Uingereza inasimama juu ya mambo mawili: kwamba alizaliwa katika nchi hii, na kwamba tangu azaliwe mpaka leo hajawa raia wa nchi yoyote. Cheti cha Chake kinalikana la kwanza na pasi inalikana la pili. Utakuwa umelipa pauni 300 kuvunja nguzo zote mbili kwa mkono wako. Utasema pasi ya kughushi haimfanyi mtu kuwa raia. Ni kweli kisheria, lakini nani atakayekaa kumthibitishia afisa kwamba pasi yenye jina na picha ya mtoto ni ya uongo, na aliyeipata kwa uongo ni wewe mama yake? Nimefanya ukalimani miaka mingi katika kesi za watu wetu, na nimeona familia zikitumia miaka kukanusha karatasi moja tu iliyotengenezwa na ndugu mwenye nia njema.

Sasa tuanze na kijana wa dirishani. Kwa adabu alikosea, ila sheria yake ilikuwa sawa. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inampa uraia wa kurithi mtoto aliyezaliwa nje ikiwa baba au mama yake ni raia, na mzazi huyo mwenyewe asiwe raia wa kurithi. Wewe ulizaliwa nje, ukarithi kwa baba. Urithi huo umeishia kwako, huwezi kuupitisha. Wenzetu wengi wa Ghuba hawalijui hili mpaka wapate mtoto nje kama wewe. Oman nayo haikukupa chochote kwa kuzaliwa Muscat, kwa sababu kule hutazamwa damu ya baba. Mumeo hana cha kumrithisha mtu. Wala ndoa yenu haimsaidii Tanzania, maana sheria ile ile inamfungulia mlango mwanamke aliyeolewa na Mtanzania, haimfungulii mwanamume aliyemuoa Mtanzania. (Hilo nalo lina mjadala wake, si wa leo.)

Kwa hiyo mwanao hana uraia wa upande wowote. Kwa Kiarabu bidun ni "bila", na huyu naye yuko bila, ingawa wazazi wake wamefika hapo kwa njia mbili tofauti.

Kuhusu Uingereza, mwalimu wa skuli yuko nyuma kwa miaka zaidi ya arobaini. Zamani kweli mtoto aliyezaliwa hapa alikuwa wa hapa. Ilikoma tarehe 1 Januari 1983, ilipoanza kazi Sheria ya Uraia wa Uingereza ya 1981. Tangu hapo mtoto huzaliwa Mwingereza ikiwa siku ile mzazi mmoja ni raia au ana makazi ya kudumu. Ninyi hamkuwa na kimoja. Lakini Uingereza ilishaukubali mkataba wa kimataifa wa 1961 wa kupunguza idadi ya watu wasio na utaifa, kwa hiyo sheria hiyo hiyo, katika Jedwali lake la Pili, iliacha mlango kwa mtoto aliyezaliwa hapa bila uraia wowote. Mtoto huyo ana haki ya kuandikishwa kuwa raia akiwa ameishi hapa miaka 5 mfululizo kabla ya siku ya kuomba, na katika miaka hiyo asiwe nje ya nchi kwa zaidi ya siku 450. Wako hajatoka hata siku moja.

Nimeandika haki, wala sikuchagua neno hilo ovyo. Uraia wa tajnisi, yaani wa mgeni kuomba na kupewa, kwa mtu mzima ni jambo ambalo waziri anaweza kulikataa kwa hiari yake. Huku masharti yakitimia lazima mtoto aandikishwe. Na katika masharti hayo huoni mahali panapouliza viza ya mama iliisha lini.

Jirani yako wa msikitini amesikia kengele lakini hajui imelia wapi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu hapa iliamua kesi ya mtoto wa wazazi Wahindi. India mtoto aliyezaliwa nje hawi raia mpaka wazazi wamwandikishe ubalozini, na wale hawakumwandikisha. Serikali ikasema hana uraia kwa sababu wazazi wamekaa tu. Jaji akasema sheria inauliza kama mtoto ni raia wa nchi nyingine leo, haiulizi kama angeweza kuwa. Mtoto akashinda. Serikali haikupenda, na kwa Sheria ya Uraia na Mipaka ya 2022 ikaongeza kipimo kwa waombaji wa miaka 5 hadi 17, kuanzia tarehe 28 Juni mwaka huo. Kwa hiyo mlango haukufungwa, umewekewa bawabu. Na haukuwa wa Wahindi tu hata siku moja.

Bawabu huyo anauliza hivi: je, kuna uraia ambao mzazi mmoja wa mtoto anao, ambao mtoto amekuwa na haki nao tangu azaliwe, na ambao ni jambo la busara kutegemea mchukue hatua ili aupate? Yote matatu yakikutana, mtoto atanyimwa. Lipitie kwa utulivu, maana kesi yenu yote iko hapa. Baba hana uraia, kwa hiyo upande wake hakuna la kuulizwa. Mama ni Mtanzania, kwa hiyo swali la kwanza jibu lake ni ndiyo. La pili je? Hapana. Mwanao hana haki ya uraia wa Tanzania tangu azaliwe, kwa lile lile la urithi kuishia kwako.

Atatokea mtu akuambie, mbona sheria ya Tanzania inamruhusu Waziri kumpa tajnisi mtoto mdogo wa raia? Inamruhusu, kweli. Lakini ni hiari ya Waziri, anaweza kusema ndiyo, anaweza kusema la. Na sheria ya 2022 imesema wazi kwamba uraia unaotegemea hiari ya nchi nyingine hauhesabiwi kuwa haki ya mtoto. Mwambie wakili wako aliandike hili kwenye barua ya maombi mapema, kabla hawajauliza. Ukiwaachia waligundue wenyewe, watakuandikia na utapoteza miezi.

Kwa hiyo kazi yako sasa ni karatasi, na ya kwanza ni ile uliyonyimwa dirishani. Usirudi dirishani. Andika barua kwa Ubalozi wa Tanzania London, itume kwa posta ya kusainiwa, uhifadhi risiti na nakala. Usiandike "naomba pasi". Eleza kwamba ulizaliwa Muscat, baba yako alizaliwa Wete, mtoto amezaliwa Leicester, kisha uliza jambo moja tu: je, chini ya Sheria ya Uraia ya 1995 mtoto huyu ni raia wa Tanzania, kwa kuzaliwa au kwa kurithi? Ambatisha nakala ya cheti chako cha kuzaliwa cha Oman na cha mtoto. Wakijibu hapana, umepata dhahabu. Wasipojibu, andika tena baada ya wiki sita. Barua mbili zisizojibiwa pamoja na risiti zake nazo zitaonesha kwamba umejitahidi. Pamoja na hayo tafuta cheti cha kuzaliwa cha baba yako, au chochote cha Wete kinachoonesha alizaliwa huko, kwa sababu bila hicho afisa hawezi kuona kwamba uraia wako ni wa kurithi. Hiyo ndiyo kazi ya kumpa kaka yako! Ana hamu ya kusaidia, basi apande boti aende Pemba akatafute cheti cha kweli cha baba yake.

Mumeo aandike maelezo yake kwa mkono wake: alizaliwa wapi, babu alitoka wapi, karatasi gani za bidun familia inazo. Habari ya Komoro asiifiche. Maafisa wanajua kwamba Komoro ilipitisha sheria ya uraia wa kiuchumi mwaka 2008 na kwamba bidun wengi wa Falme za Kiarabu wakapewa pasi zake. Wakiona ndugu zake wanazo, watamuuliza. Aseme wazi kwamba yeye hakuomba, hakupewa, na kwa nini alikataa. Kama ile hukumu ya hifadhi ya 2021 ilikubali kwamba yeye ni bidun hata kama ilimkatalia hifadhi, itafuteni na mpigie mstari ukurasa huo. Watu wengi hutupa hukumu ya kushindwa kwa hasira, kumbe ndani yake mna sentensi wanayoihitaji.

Upande wa mtoto una karatasi nyingi kuliko unavyodhani. Kile kitabu chekundu cha kliniki chenye chanjo zake zote kimeandikwa tarehe tangu wiki za kwanza. Ongeza barua ya daktari wenu, ya chekechea na ya skuli, ili kila mwaka kati ya mitano uwe na ushahidi wake. Fomu inaitwa S3. Utahitaji wadhamini wawili, na mmoja awe mtu anayemjua mtoto kikazi. Mwalimu wake anafaa sana, na naye atajifunza jambo.

Sasa pesa. Ada ya kumwandikisha mtoto ilipandishwa Oktoba 2023 kutoka pauni 1,012 hadi pauni 1,214, kwa hiyo itazame upya siku ya kutuma. Ndiyo, ni kiasi cha kutia kizunguzungu. Ilipokuwa 1,012, serikali yenyewe ilisema kushughulikia ombi moja kunaigharimu pauni 372, na zilizobaki zinaendesha mambo mengine ya uhamiaji. Suala hilo lilifika hadi Mahakama ya Juu, na Februari 2022 majaji wakasema Bunge liliiruhusu serikali kutoza hivyo. Nililiona jambo la aibu na sijabadili mawazo. Lakini tangu Juni mwaka huo kuna msamaha wa ada kwa watoto ambao wazazi wao hawamudu. Msamaha unaombwa kwanza, kabla ya kutuma ombi lenyewe, na utaonesha taarifa za benki, kodi ya nyumba na misaada mnayopokea. Usikope pauni elfu kwa mtu kabla ya kuuomba.

Kisha hofu yako, na sitakudanganya. Fomu inataka majina ya wazazi na anuani. Mumeo wanamjua tayari. Wewe huenda wanakujua, huenda wamekusahau, na kwa ombi hili watakukumbuka. Uraia wa mtoto hautakupa wewe karatasi siku ile ile, na anayekuahidi hivyo anataka pesa zako. Lakini unabadilisha mizani. Sheria ya uhamiaji ya 2002, kwa kifungu kilichoongezwa 2014, inasema mzazi anayemlea kweli mtoto Mwingereza, au mtoto aliyeishi hapa miaka 7, haidaiwi aondolewe pale ambapo si busara kumtaka mtoto huyo aondoke nchini. Kuna kesi nyingi juu ya maneno hayo machache, kwa hiyo usiyatumie peke yako. Ukae na wakili kabla ya kutuma S3, muangalie ya mtoto na yako kwa pamoja. Ombi la mtoto halihitaji kungoja lako, ila wewe uingie ukijua.

Wakili awe wakili. Asiye wakili lazima awe amesajiliwa na mamlaka ya washauri wa uhamiaji, ile iliyokuwa ikiitwa OISC na tangu Januari 2025 inaitwa Immigration Advice Authority. Orodha yao iko wazi kwenye mtandao, na jina lisipokuwemo, aga uondoke. Kuna shirika dogo la London linaloitwa Project for the Registration of Children as British Citizens, ambalo kazi yake ni watoto wa aina hii, na kliniki ya sheria ya Chuo Kikuu cha Liverpool imeshughulikia sana watu wasio na utaifa. Waandikie wote wawili kwa kifupi: umri wa mtoto, alikozaliwa, na kwa nini hana uraia.

Mumeo naye ana njia yake. Kanuni za uhamiaji zina sehemu inayohusu watu wasio na utaifa, ilianza 2013, na ombi lake halina ada. Akithibitisha kwamba hana uraia na hakuna nchi nyingine atakayopokelewa, hupewa ruhusa ya miaka 5. Ajabu ni kwamba wengi wa bidun wanaokataliwa hifadhi hawaambiwi habari hii na mtu yeyote.

Mdogo asubiri mpaka atimize 5, na kitabu chake chekundu kitunze kama hati ya kiwanja. Na hata ikitokea mkubwa akakataliwa, Mungu apishe mbali, bado ana njia nyingine mbili. Mtoto aliyezaliwa hapa na kuishi hapa miaka yake 10 ya mwanzo bila kutoka zaidi ya siku 90 kwa mwaka ana haki ya kuandikishwa. Na kati ya miaka 18 na 22 asiye na uraia anaweza kuomba tena bila ya yule bawabu wa 2022. Lakini hizo ni za akiba.

Limebaki la mama yako Wete. Mtoto akishaandikishwa atapata cheti, kisha ataombewa pasi, na anaweza kusafirishwa na shangazi au mtu mwingine mwenye karatasi zake. Wewe ukitoka leo hutarudi kwa wanao, kwa hivyo usithubutu, hata simu ya usiku ikija. Hilo najua linauma kuliko yote niliyoandika hapa. Mpigie kwa video mtoto akiwa macho, mwache amsomee bibi yake kitabu cha skuli, hata kama bibi hajui Kiingereza.

Barua ya ubalozi ikifika, funika majina, ipige picha unitumie. Nitakuambia kama inatosha au tuwaandikie tena.

Mama Mkalimani